Sokoke au Manda: Wapi pa Kupiga Mahema ya Watoto Msimu Ujao

Mtu wa Malindi au Lamu anayetaka watoto walale porini siku nne tano wakati wa likizo huishia na majina mawili mdomoni: msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi na kisiwa cha Manda jirani na Lamu. Kote hakuna ukuta wala feni, na kote mtoto wa mjini atalala akisikia sauti asizozijua. Lakini maandalizi yake hayafanani hata kidogo. Kundi linalokwenda Manda na mpango uliotengenezewa Sokoke litawatesa watoto bure.

Nimeshiriki kuandaa kambi za pande zote mbili, kwa hiyo natoa msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anavyoendelea. Kwa kundi linaloanza, au lenye watoto wa miaka 8 hadi 12, nachagua Sokoke upande wa Gede, tena likizo ya Agosti. Kwa vijana wa miaka 13 na kuendelea, wakiwa na walezi wanaoijua bahari, nachagua Manda, mwezi wa Desemba. Ninachokiangalia ni maji ya kutumia, upepo, na njia ya kumfikisha mtoto hospitalini usiku wa manane. Uzuri wa mahali nauweka nyuma, maana kote ni kuzuri.

Maji ndiyo yanayoamua

Chukua kundi la kawaida: watoto 30 na watu wazima 8, walezi na wapishi pamoja. Mashirika ya misaada hutumia lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini kabisa, za kunywa, kupika, kuoga na kuosha vyombo. Watu 38 ni lita 570 kwa siku. Kwa mitungi ya lita 20, hiyo ni mitungi 29 kila kukicha, na kambi ya siku tano inataka lita 2,850.

Gede, mzigo huo ni kazi ya asubuhi moja. Maji ya bomba ya upande huu hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na lori la maji linafika kwa barabara ya lami. Bomba lenyewe usiliamini peke yake, maana hukauka siku ambayo hakuna aliyekuarifu. Kodi tangi, lijae siku moja kabla watoto hawajafika, na uwe na namba za wauza maji wawili. Baada ya hapo unaweza kuliacha suala la maji na kushughulikia mengine.

Manda hakuna raha hiyo. Kisiwa hakina mto, na maji ya chini yana chumvi. Ndiyo maana watu wa visiwa vya Lamu tangu zamani walijenga majabia na mabirika ya kukinga mvua, na ndiyo maana baadhi ya wanahistoria wanapoeleza kwa nini watu wa Takwa, mji wa kale hapo Manda, waliuhama mji wao katika karne ya 17 na kuvuka kwenda Shela kwenye kisiwa cha Lamu, chumvi kuingia visimani hutajwa miongoni mwa sababu. Huenda jambo hili lilichangia kuuhamisha mji mzima. Kambi ya watoto isilichukulie wepesi. Kila tone mtakalotumia litavuka kwa chombo. Lita 2,850 zina uzito wa karibu tani tatu, mitungi zaidi ya 140, na mitungi hiyo lazima ibebwe mikononi kutoka ufuoni hadi penye mahema, juu ya mchanga unaozamisha miguu.

Mpango ninaoupendelea ni kugawa mzigo mara mbili: nusu ivuke siku moja kabla, nusu siku ya tatu. Maji ya kunywa yawe na mitungi yake yenye alama ya rangi, isichanganywe na ile ya kuoshea. Kwenye joto la Desemba hesabu lita nne za kunywa kwa kila mtu, yaani lita 150 na kitu kwa siku kwa kundi hili, na hizo hazipunguzwi kwa namna yoyote. Panapoweza kupunguzwa ni kwenye kuoga, kwa kuwa watoto wataoga baharini. Hata hivyo kila jioni kila mtoto apate kopo kubwa la maji baridi ya kujisuuza. Chumvi ikikaa mwilini siku tano huchubua mapaja na makwapa, na mtoto aliyechubuka hachezi, halali, na anataka kwenda kwao.

Wapo watakaosema, basi tuhamie ng'ambo, tupige mahema kwenye vilima vya mchanga vya Shela, maana visima vipo. Nawaomba kwa dhati wasifanye hivyo. Mvua inayoanguka juu ya mchanga ule hushuka taratibu ikijichuja, ikakaa chini, na visima vya Shela na vya mji wa Lamu vinategemea akiba hiyo. Ukichimba choo cha watu 38 juu yake, utakuwa umewatilia uchafu watu ambao wala hawakujua mmekuja. Shela kwa kutembea jioni, naam. Kwa kulala na kuchimba, hapana.

Tukigusa choo tukimalize. Kiwango cha kambi ni choo kimoja kwa watu 20, lakini kwa watoto nataka vitatu: cha wasichana, cha wavulana, cha watu wazima. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Sokoke ni hifadhi, hivyo huchimbi unapotaka. Uliza ofisi ya msitu ikuonyeshe vyoo vilivyopo au mahali panaporuhusiwa. Manda sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe ambao jembe haliuwezi, kwa hiyo panga ndoo zenye vifuniko vinavyobana, majivu na maranda. Maranda yamejaa kwa maseremala wa Lamu. Kubaliana mapema na watu wa mji ndoo hizo zitamwagwa wapi, msije mkazimwaga mikokoni usiku.

Kujaa na kupwa

Sokoke saa ni ya ukutani. Manda saa ni ya bahari, na mwandalizi asiyeijua ataharibu ratiba yote.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya mwambao wetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kina kinaweza kutofautiana kwa mita tatu na zaidi kati ya kujaa na kupwa. Kila siku nyakati husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50, hata baada ya wiki moja mambo yakageuka: maji mafu, yanayojaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi, na tofauti ya kina ikawa ndogo.

Sasa tazama maana yake kwa kambi. Safari ambayo kila kundi huitaka ni Takwa, na njia ya chombo kwenda Takwa ni mkono mwembamba wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakipwa, njia hiyo ni tope. Kundi litakalopanga kufika saa nne asubuhi siku ya bamvua, kwa sababu tu saa nne ni saa nzuri baada ya chai, litawakalisha watoto juani ndani ya mashua iliyokwama mpaka bahari irudi. Ukitaka asubuhi, chagua siku ya tano au ya sita baada ya mwezi kuandama, wakati maji hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi: mnaingia na maji yakipanda, mnatoka kabla hayajaondoka. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu chombo kizito chenye watu 20 kinahitaji kina kuliko kidau cha mvuvi mmoja.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Walezi wengi hupenda giza totoro ili watoto wasome nyota, na Manda hilo lipo kwa wingi. Lakini giza la mwezi mwandamo huja na bamvua lake. Ukichagua nyota umechagua pia kupwa kwa nguvu saa nne usiku, na hilo nitalirudia nikifika kwenye hospitali.

Mida Creek kule Watamu nako ni maji yaleyale kwa saa zilezile, ila kule mtoto akikosa maji ya kujaa atatazama ndege wakila topeni, na gari liko barabarani linasubiri. Kosa la ratiba haligeuki kuwa hatari.

Kusi na kaskazi

Agosti kusi, upepo wa kutoka kusini, bado inavuma. Mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau ya Manda hupata mawimbi ya bahari kuu, na chombo chenye watoto wasiojua kuogelea hakina haja ya kuwa pale. Ufuoni mchanga huruka ukaingia kwenye wali, kwenye macho na kwenye zipu za mahema mpaka zikagoma. Vigingi vya kawaida havishiki mchanga mlaini. Ukilazimika, jaza mchanga kwenye viroba, funga kamba za hema humo, kisha uvizike. Kazi hiyo inafanyika, lakini hema 15 ni viroba 60 na mikono mingi.

Msituni mwezi huohuo ni raha. Miti huukata upepo, hewa ni ya ubaridi, manyunyu huja asubuhi yakapita, na njia zilizolowa wakati wa masika zimekauka. Juni nisingekushauri, kwa sababu tope la masika bado lipo na mbu nao.

Desemba mambo hugeuka. Vuli imekwisha au inakwisha, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeanza, bahari ya Lamu imelala. Msitu kwa upande wake una joto lisilo na upepo, na mbu waliozaliwa na mvua za vuli. Chandarua ni lazima kote, Agosti na Desemba, maana malaria haijaondoka Pwani. Wakati huohuo watalii huja, na vyombo Lamu huwa ghali karibu na mwaka mpya. Kwa hiyo wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba ni bora kuliko ya mwisho. Anayefikiria Lamu mwezi wa Agosti aangalie pia Maulidi. Mfungo sita mji hujaa wageni kutoka mwambao mzima, na miaka hii sikukuu hiyo huangukia kati ya Agosti na Septemba. Vyombo, mapunda na wapishi, wote wana kazi nyingine.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kundi jirani likienda Manda Agosti likarudi salama, waulize walikuwa na nani ndani ya chombo kabla hujanakili tarehe zao.

Mtoto akiugua usiku

Hapa ndipo Sokoke inaposhinda wazi, na ndiyo sababu kubwa ya ushauri wangu kwa wanaoanza.

Kutoka Gede hadi hospitali ya Malindi ni kama kilomita 16 za lami. Gari moja likikaa kambini usiku kucha, lenye mafuta na dereva asiyepewa kazi nyingine, mtoto mwenye pumu au degedege anafika katika nusu saa. Gari hilo lisitumwe sokoni jioni. Likitumwa, aliyelituma ahakikishe limerudi kabla ya chakula cha usiku.

Kutoka Manda ni chombo hadi mji wa Lamu, kisha mtoto abebwe au apandishwe gari la wagonjwa mpaka hospitali ya King Fahd. Mchana, maji yakiwa mazuri na injini ikiwa nzima, si mbali. Usiku wa bamvua, saa nne, ukiwa umepiga kambi ndani ya mkono wa Takwa, chombo chako kimelalia ubavu kwenye tope na hakitaelea kwa saa kadhaa. Wapo wanaopenda kulala karibu na magofu ya Takwa, na najua kwa nini, pana utulivu wa ajabu. Kwa watu wazima sina neno. Kwa watoto nasema kambi iwe upande wa Ras Kitau, kwenye mkondo wenye kina, ambako chombo huelea saa zote. Tena viwe vyombo viwili, kimoja chenye injini ya akiba. Uliza pia mapema kwa polisi na ofisi ya kamishna wa kaunti kama kuna amri yoyote kuhusu kusafiri baharini usiku, kwa kuwa Lamu amri za namna hiyo zimewahi kuwekwa kwa sababu za usalama.

Kuharisha ndiyo shida itakayokukuta popote, zaidi ya nyoka na ndovu. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo, na pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini ziwepo. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpishi mwenye tumbo linalouma asiguse sufuria siku hiyo, hata kama ni mama yetu sote na anasisitiza.

Nyoka, ndovu na wengineo

Wazazi huuliza kuhusu nyoka kabla ya kuuliza chochote, na kwa Sokoke wana haki. Msitu na mashamba ya pembeni yana moma, hongo na swila. Swila mkubwa anayetema mate, anayejulikana kisayansi kama Naja ashei, alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007, na jina lake ni la kumuenzi James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken hapohapo Watamu. Ninalitaja shamba hilo kwa sababu ni msaada mkubwa: watu wake wanawajua nyoka wa eneo hili na matibabu yake. Mlezi mkuu awe na namba yao na ya hospitali mfukoni kabla basi halijaondoka.

Watoto wafundishwe siku ya kwanza, kabla ya mchezo wowote: tochi kila unapotoka usiku, viatu vilivyofungwa, usitie mkono chini ya gogo, kung'uta kiatu asubuhi. Akiumwa mtu, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu. Alazwe, kiungo kilichoumwa kitulizwe kama kilichovunjika, abebwe, asitembezwe, apelekwe hospitali. Mate ya swila yakiingia machoni, suuza kwa maji mengi mara moja na kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Ndovu wapo Sokoke kweli. Ndiyo maana kambi ya watoto haiendi katikati ya msitu. Inakaa upande wa Gede karibu na ofisi, na matembezi yote ni pamoja na mwongozaji au askari anayejua njia zao. Kima na nyani ni wasumbufu zaidi kila siku. Ndizi ndani ya hema ni hema lililochanwa. Vyakula vyote vikae kwenye masanduku yenye kufuli, jikoni, mbali na malazi. Siafu hutembea baada ya mvua. Jivu kuzunguka hema husaidia.

Manda hofu iko chini ya maji. Watoto waburute miguu wanapotembea kwenye maji ya mchanga ili samaki aitwaye taa, aliyejizika mchangani, aondoke kabla hajakanyagwa, na juu ya mwamba wavae raba zinazobana, kandambili hazitoshi. Kila mtoto awe na jaketi la kuokoa maisha linalomkaa mwilini, apimwe nalo nchi kavu. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka majini.

Wataondoka na nini vichwani

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, na ndilo la kuangalia wakati makundi mawili yanalingana kwa kila kitu kingine.

Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Mtoto anaweza kutembea asubuhi moja akaona dunia ikibadilika: msitu mchanganyiko wenye mibambakofi, kisha mirihi iliyosimama kwa nafasi juu ya mchanga mweupe, kisha kule magharibi vichaka vizito juu ya udongo mwekundu. Mwulize kwa nini miti imebadilika na umwache aangalie miguuni mwake. Jibu liko kwenye udongo. (Udongo huohuo mwekundu hukwamisha magari ukilowa, sababu nyingine ya kukaa upande wa Gede.) Ataona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu akikimbia kwenye majani makavu, mnyama ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu. Bundi mdogo wa Sokoke huenda asimwone, lakini mwongozaji mzuri humjua anakolala mchana.

Kisha kuna mji wa Gede, dakika chache tu kutoka kambini, magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Msikiti, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 hivi Miladia. Kando yake ni mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambamo wenyeji wa ukingo wa msitu hufuga vipepeo na kuuza buu zao nje ya nchi. Mtoto akiliona hilo ataelewa kwa nini jirani wa msitu anaweza kupata riziki bila kukata mti. Nimewaona watoto wakigombania kuuliza maswali pale kuliko hata kwenye magofu.

Manda inafundisha kwa mwili. Kijana atajifunza kupanga tanga, kukaa upande wa juu chombo kinapoinama, kujua mkondo kwa kuutazama. Atajua mkoko kutoka mchu, mkandaa kutoka muia, na kwamba mlilana husimama mbele ukipokea mawimbi. Ataelewa kwa nini boriti na fito za nyumba za Lamu ni mikoko, na kwa nini leo haikatwi bila kibali, hata kwa kuni za kambi. Takwa atasimama mbele ya msikiti wenye mnara juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la mnara ambako watu wa Shela bado huenda kuomba dua ya mvua. Huwezi kumpa hilo mtoto wa miaka minane, atalisahau. Wa miaka kumi na minne atalibeba.

Mahema, moto na vibali

Sokoke chukua mahema yenye nafasi na wavu mzuri, usiyaweke chini ya matawi makavu. Manda chukua mafupi, ya mviringo, yanayouinamia upepo, pamoja na turubai kubwa la kivuli, kwa kuwa mchana hakuna anayekaa ndani. Moto kote nashauri gesi au makaa uliyokuja nayo. Chakula hakina tofauti kubwa: wali, maharagwe, uji, mahamri. Manda una samaki wabichi kutoka kwa wavuvi. Gede una soko la mboga kila siku. Nyama isiyo na barafu iachwe.

Kwa Sokoke utahitaji ruhusa ya Huduma ya Misitu na ya Huduma ya Wanyamapori, kwa sababu zote mbili husimamia msitu. Kwa Takwa ni Makumbusho ya Taifa. Kote chifu ajulishwe kwa barua, na wazazi watie saini fomu inayotaja dawa, mzio, pumu, na kama mtoto anaogelea. Anayetoka Malindi kwenda Lamu kwa barabara, basi linaishia Mokowe, kisha chombo. Aulize polisi hali ya njia wiki ya safari, si mwezi mmoja kabla. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 operesheni za usalama zimekuwa zikirudi upande wa bara wa Lamu. Boni, Dodori na Kiunga, hifadhi za kaskazini mwa Lamu, ni pori zuri sana, lakini kwa kambi ya watoto ninayaondoa kwenye orodha bila kusita.

Marafa, upande wa bara wa Malindi, kwenye magenge yake ya rangi, ni pa kwenda alasiri jua likipoa na kurudi. Kulala pale na watoto ni kubeba maji kama Manda bila kupata bahari. Mida nimekwisha itaja: inafaa kabisa kwa siku moja ya kundi lililopo Gede, hasa wale wanaotaka kuonja mikoko kabla ya kupelekwa Manda.

Kama kundi lako limechanganya umri, lisigawanywe ndani ya kambi moja ya kisiwani kwa matumaini kwamba wakubwa watawaangalia wadogo. Wadogo waende Gede Agosti, wakubwa waende nao kama wasaidizi, kisha hao wakubwa wapate Manda yao Desemba. Na kwa Manda, anza kumtafuta nahodha kabla hujakodi hema hata moja. Awe mtu wa hapo, anayejulikana Shela au Lamu, mwenye vyombo viwili, aliyekubali kulala kambini usiku wote. Mpe tarehe mbili tatu unazozifikiria, akuambie bahari itakuwaje. Akikataa zote, tafuta nyingine.